Gunia la Maganda Safi

9 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, ila dirisha la chumba nilichopanga linatazama ukuta. Kama kumekucha naambiwa na viatu vya jirani wa juu.

Kazini tunachoma taka za mashambani, kuona ipi inafaa kuwasha tanuri la matofali badala ya kuni. Mabua ya mahindi yameshindwa. Nimemtajia bosi yale maganda ya karanga nyuma ya mashine yako ya kukoboa. Yakifaulu, tanuri litajengwa huko kwetu na msimamizi nitakuwa mimi. Nitumie gunia moja.

Binti yako

21 Machi

Marahaba, mama.

Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Gunia limepanda lori leo. Dereva kanicheka: "Mzee, siku hizi hata taka zinakata tiketi?" Nikamwambia alifunike vizuri, linakwenda kwa binti yangu.

Tangu mama yako atutoke, sina wa kubishana naye. Nabishana na kuku, nao hawana hoja.

Baba

14 Aprili

Shikamoo Baba,

Yamefaulu! Moto mkali, majivu kiganja tu. Bosi anataka gunia la pili apate uhakika. Safari hii dereva wetu atachota mwenyewe, usijichoshe.

Binti yako

2 Mei

Marahaba, mama.

Dereva wenu kaja, kachota rundoni. Nilimsihi anipe muda niyatayarishe, akakataa hata chai.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Kitanda nimekikaza, hakilii tena.

Baba

30 Mei

Shikamoo Baba,

U mzima? Gunia la pili limeshindwa. Udongo ulioshika kwenye maganda uliyeyuka motoni, ukaganda, ukaziba wavu wa tanuri la majaribio. La kwanza halikuwa na udongo hata chembe. Baba, uliyaosha?

Nimelazimika kumweleza bosi. Hakuna kiwanda kitakachoosha taka ili kizichome. Tanuri litajengwa kwingine, penye vumbi la mbao, na mimi nabaki hapa.

Binti yako

26 Julai

Marahaba, mama.

Niliyaosha, ndiyo, maji mara mbili, nikayaanika mkekani. Ulitaka nikutumie uchafu, wenzako wakukunjie pua?

Umesema ukweli, umefanya vyema. Lakini kama kosa ni udongo, udongo unatoka. Kila nikifunga mashine naosha makarai mawili matatu. Majirani wananiita dobi wa karanga. Waseme, rundo linapungua.

Nje vumbi linayarudia na pa kuyaweka sina, kwa hiyo nayajaza chumbani kwako. Mlango sasa unafunguka nusu. Mwambie bosi aje ayaone. Nikisikia lori barabarani huwa natoka nje.

Kitanda kiko humohumo, chini ya maganda. Kizima.

Baba