Chango la Janeth

Sekenke, Iramba

Kaka Hezekia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Rungwa, na nyuki wako hawajakuuma kupita kiasi. Sisi tupo. Mama anakusalimu, magoti yake ni yale yale. Nampa Andrea anayekuja kununua asali akuletee, maana simu yako haipatikani tangu uingie porini.

Nianze na zito: mwanao Janeth alipasuliwa tumbo. Yuko hai na anapata nafuu. Sasa soma pole pole.

Ilianza kwa vipele vyekundu miguuni na matakoni, wala havikumwasha. Mama akasema ameumwa na viroboto wa mbuzi. Kisha tumbo likamsokota, Mama akasema ni chango, akachemsha mizizi yake. Unamjua Mama, akishatamka chango hakuna wa kuongeza neno, na mimi mwenyewe nilikubali. Mtoto akanywa, akatapika, mwisho akaanza kupata choo cha damu na makamasi. Hapo tukampakia bodaboda tukaenda hospitali.

Daktari hakuanza na tumbo, alitazama miguu. Alitueleza kwamba mishipa midogo ya damu imevimba, kuna ugonjwa wa namna hiyo unaowapata watoto, na vile vipele ni damu iliyovujia chini ya ngozi. Tumboni nako ni hivyo hivyo. Utumbo ulikuwa umevimba hadi kipande kimoja kikaingia ndani ya kingine, kama mkono wa sweta unavyoingia ndani ukivuliwa kwa pupa. Mama akamjibu kuwa yeye alishasema ni chango, na chango si ndio utumbo? Daktari akacheka, akasema bibi amepatia jina tu.

Walimpasua wakauchomoa, hawakukata kitu. Bado mkojo wake utapimwa mara kwa mara, kwani figo nazo huweza kuguswa.

Kuna jambo moja nimelichelewesha. Kabla ya upasuaji nesi alitaka mzazi asaini. Nilimwambia shangazi ni baba, akasema siyo kwenye karatasi ile. Mama yake Janeth tulishamzika. Nikaona nikisema baba yuko Rungwa, tutaambiwa tumtafute, na mtoto alikuwa anabadilika rangi mbele yangu. Nikasema baba naye ni marehemu, nikasaini kama mlezi. Sijutii, kaka, ningesema tena. Ila Janeth alikuwa kwenye machela amefumba macho, nikadhani amelala. Alisikia.

Nimemweleza kuwa nilidanganya, Mama naye amemwapia. Anatuitikia kwa adabu tu, kama mfiwa anavyoitikia pole. Jana aliniuliza kama ulizikwa huko huko porini au utaletwa nyumbani.

Kwa hiyo usijibu barua hii, wala usimpe Andrea salamu. Njoo mwenyewe, akuone.

Majirani wote wanakusalimu. Safari njema.

Ni mimi mdogo wako,
Lea