Nyumba Isiyo ya Mkwe

Lusaka, Jumatano jioni

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, kifua kimetulia, na vumbi la kiangazi halijakuzuia kwenda kanisani kwa miguu yako mwenyewe kama unavyopenda. Je, Kabange anakupikia vizuri? Namjua dada yangu: akiachiwa funguo za stoo, ugali wa bukari unakuwa mgumu na mboga ya sombe inakosa mawese. Mvumilie. Sisi huku tupo, Mama yupo, na Mungu hajatuacha, ingawa juma hili nimemtafuta kwa bidii kuliko kawaida.

Mchana nimekupigia simu kukuambia kwamba Mama amepasuliwa jicho la kulia asubuhi ya leo, na kwamba kesho daktari atafungua bandeji. Utakapoisoma barua hii, simu itakuwa imekwisha kukuambia kama anaona au haoni. Lakini yapo mambo ambayo simu haitayafikisha, kwa sababu yako unaiweka kwenye sauti kubwa na ua mzima unasikiliza, hata kijana wa pikipiki anayengoja abiria nje. Haya ninayaandika ili uyasome peke yako, kisha uamue mwenyewe nini kitoke nje ya mlango.

Unafahamu kwamba jicho la kushoto la Mama lilikufa zamani. Daktari wa hapa alipoangalia vipimo tulivyomtumia, alisema mtoto wa jicho la kulia amekomaa na presha ndani ya jicho imeanza kupanda, na kwamba tukiahirisha tena huenda pasibaki kitu cha kuokoa. Nilitafuta nafasi ya upasuaji, nikaipata. Likabaki swali ambalo mtu asiye wa kwetu angeliona dogo: Mama atalala wapi?

Kwetu hapa tuna chumba kimoja, sebule, na msalani panapofikiwa kwa kupita chumbani. Mama na mume wangu Kalala chini ya paa lile, mkwe akimpisha mama mkwe mlangoni akiwa na taulo begani: jambo hilo halikuhitaji mjadala. Najua ulitufundisha kupima desturi zetu kwa Maandiko kabla ya kuzifuata. Nakumbuka pia kwamba kila tulipokwenda Malemba-Nkulu kumwona Bibi mzaa Mama, sisi tulilala kwake na wewe ulilala kwa mchungaji.

Kalala alipendelea hoteli. Alisema hoteli ina mlinzi, ina jenereta, na ina mtu mapokezi saa zote kama Mama akizidiwa. Mimi nilitaka nyumba inayopangishwa kwa siku chache, yenye jiko lake, kwa sababu nilimfikiria Mama akipita kila asubuhi mbele ya baa ya hoteli na Biblia yake kwapani, naye anatoka katika mji ambamo mwanamke akionekana akiingia hotelini peke yake, habari zinafika sokoni kabla yake. Nilifikiri pia kwamba atataka kupika mwenyewe, na hakuna hoteli itakayovumilia harufu ya samaki wetu.

Hapa nyumba hizo huchaguliwa kwa simu, kwa picha na kwa maoni ya wageni waliotangulia. Niliyasoma maoni hayo kama ninavyosahihisha insha za wanafunzi wangu, na naogopa niliwaamini zaidi walioandika vizuri. Nilichagua nyumba ndogo iliyo ndani ya ua mmoja na mwenyewe, mjane anayeitwa Mama Mulenga. Kwa kuwa benki bado haijanipa kadi, nililipia kwa kadi ya Kalala. Kitendo hicho kilichukua muda mfupi sana, wala sikukifikiria tena.

Mama alifika na basi la kutoka Kasumbalesa, pamoja na Mama Ilunga, yule mfanyabiashara wa vitenge ambaye ndiye atakayekuletea barua hii. Kalala alikuja na gari la kazini kwao. Alikuwa amekigeuza kioo cha ndani kuelekea juu ili macho yake yasikutane na ya Mama, na njia nzima aliniuliza mimi kama Mama amesafiri salama, nami nikamjibu yeye kwa niaba ya Mama aliyekaa nyuma yake. Tulipofika, alishusha valizi ya nguo na mzigo wa samaki mlangoni, akarudi garini.

Mama Mulenga alitoka akitabasamu. Anasema Kiswahili cha mpakani, maana aliwahi kufanya biashara Kasumbalesa miaka mingi. Alimshika Mama mikono miwili, akamwambia kwa wema wote aliokuwa nao: “Karibu, mama. Usiogope kitu. Hii nyumba ni ya Bwana Kalala sasa, mpaka mtakapoondoka.”

Mama aliivuta valizi yake hadi kwenye baraza, akakaa juu yake.

“Numbi,” akaniita, “hii nyumba iko ya nani?”

Nikasema ni ya mama huyu aliyetupokea.

“Mwenyewe anasema iko ya Kalala.”

Nikamweleza habari ya kadi, na ya jina linaloandikwa kwa mpangaji. Nilieleza kwa utaratibu, kama mbele ya darasa, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyosikia maneno yangu yakimpa haki yeye.

“Kitanda kimelipiwa na nani?”

“Na Kalala, Mama. Ni namna tu ya kulipa.”

“Basi njo kitanda ya mukwe. Minyi siwezi kulala pale.”

Hakupandisha sauti. Ungekuwapo ungeutambua utulivu ule. Ndio uleule uliotumika siku alipokataa kuhamia nyumba ya mwalimu mkuu kabla mjane wa mtangulizi wako hajaondoka kwa hiari yake. Nikaona hakuna njia ila hoteli. Tukamrudisha garini.

Kalala aliingia mapokezi, mimi nikamfuata, Mama akabaki garini. Binti wa mapokezi alitaka kadi, kisha akasema chumba kitaandikwa kwa jina la mwenye kadi. Nilipotoa noti zangu, alisema kwa upole kwamba ni lazima kadi iwepo kama dhamana, hata mtu akilipa taslimu. Halafu akatazama nje kwenye gari, akauliza kama bwana na mama yule watatumia chumba kimoja au viwili. Baba, Kalala aligeuka akatoka. Sina uhakika kama nimewahi kumwona mtu mzima akiona haya namna ile.

Nilipomweleza Mama kwamba hata huku jina litakuwa lilelile, alisema: “Munirudishe kwa basi. Hili jicho lilinifikisha, litanirudisha.”

Siku ya upasuaji ilikuwa inakaribia, na nafasi ile tuliingojea kwa muda mrefu. Nilimwambia hivyo. Alisema amesikia.

Hapo ndipo Kalala aliposema jambo lililonizuia kulala siku ile. Tulikuwa tumesimama nyuma ya gari, mimi na yeye. Alisema kwa sauti ya chini: “Mama yangu alilala chini pa gare ya treni ya Kamina na miye mugongoni, wakati batu ba Kasai tulipofukuzwa kwenu. Hakuna mutu aliuliza kama ile sima ya chini iko ya nani.”

Unakumbuka, Baba, kwamba kabla ya ndoa yetu uliniuliza kama hakuna kijana wa kwetu. Ulibadilika, ukatubariki, na sikukuwekea neno hilo moyoni. Lakini pale nyuma ya gari lilirudi, na nikajiuliza kama yale tunayoyaita heshima wakati mwingine si ukuta wa zamani uliopakwa rangi nzuri. Kwao Kasai pia mkwe humwogopa mama mkwe, desturi hii anaijua kuliko mimi. Hata hivyo, aliyekwisha kukataliwa na mji mzima husikia kukataliwa hata mahali ambapo hakupo. Au labda kulikuwapo. Sikujua, na nikaona ni afadhali niulize kuliko kuendelea kukisia.

Nikaingia garini nikakaa kando ya Mama. Nikamwuliza, kwa Kiluba kwanza kisha kwa Kiswahili ili kusiwe na kificho, kama anamkataa Kalala kwa sababu ya kwao.

Alinitazama kwa jicho lake lile lenye ukungu, kama anayepima kama nimekuwa mjinga au nimechoka tu.

“Kama minyi namuzarau, ningelala,” alisema. “Mutu mwenye hauheshimu, unalala kwake popote. Unakula, unakoroma, unaenda. Weye na masomo yote, haukuona ile?”

Dirisha la gari lilikuwa wazi. Kalala alikuwa amesimama palepale. Sikumtazama, lakini nilimsikia akivuta pumzi na kujikohoza.

Ni samaki waliotuokoa, nami siwezi kudai kwamba nilifikiria jambo hilo. Katika kuondoka kwa haraka tulikuwa tumesahau mzigo ule kwenye baraza ya Mama Mulenga: samaki waliokaushwa kwa moshi, ambao shangazi alitununulia kwa wavuvi wa ziwa Kisale. Tuliporudi kuuchukua, mjane yule alikuwa ameutundika juu ili paka wasiufikie, naye alikuwa anangoja tumwambie kosa lake. Mama alishuka na valizi yake. Akakaa tena juu yake, akaomba Mama Mulenga akae mbele yake.

“Mama, weye uko na mukwe?”

“Ninao wawili,” akajibu Mama Mulenga.

“Unalala kwao?”

Mjane akaanza kucheka na kujipiga paja. Alicheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Akasema kwa nini hatukumwambia tangu mwanzo. Binti yake yuko Kitwe, na mwaka binti huyo alipojifungua, yeye aliyekwenda kumhudumia alilala kwa jirani.

Mambo yaliyofuata waliyapanga wao wawili, mimi nikiwa mkalimani asiyehitajika sana. Mama Mulenga alifuta jina la Kalala kwenye simu yake, na malipo yakarudi yalikotoka. Mimi nikatoa taslimu kutoka mshahara wangu, lakini sikuruhusiwa kumpa mjane. Niliziweka mkononi mwa Mama, kwa kuwa jasho la mtoto ni la mama yake, na Mama ndiye aliyempa. Juu ya noti akaweka samaki wakubwa wawili. Mama Mulenga akaingia ndani, akavua shuka alizokuwa ametandika kwa ajili ya “mgeni wa Bwana Kalala”, akatandika nyingine, akatoka na funguo, akaziweka kwenye kiganja cha Mama. Ndipo Mama akainuka kutoka kwenye valizi.

Garini, simu ya Kalala ilikuwa imempa ujumbe kwamba amefutwa. Nilimkuta akiutazama. Nilimweleza kilichotokea. Akasema kwamba ni mara ya kwanza kufutwa jina kumempa nafuu. Sijui kama kulikuwa na nafuu yote aliyoisema. Nimeolewa naye kwa muda wa kutosha kujua kwamba anaweza kucheka na jeraha likabaki.

Sasa leo. Baada ya upasuaji nilikwama kwenye dirisha la dawa, foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alimtoa Mama akiwa na bandeji, jicho moja limefunikwa na jingine halioni, akamkalisha kwenye benchi la ukumbi. Kisha benchi lilihitajiwa kwa wagonjwa wengine, na aliyekuwapo wa Mama ni Kalala peke yake, amesimama mbali karibu na mlango.

Nilipotoka na dawa, niliwaona wakija. Kalala alikuwa ameshika pembe moja ya kitenge cha Mama, na Mama ameshika pembe ya pili. Kitenge kilikuwa kimenyooka kati yao, urefu wa kitanda. Kalala alitembea upande upande kama kaa, asiutazame uso wa Mama, akisema neno mojamoja tu: ngazi, mlango, maji. Watu waliwapisha. Hakuna aliyecheka.

Garini Mama aliniambia kwa sauti ya kusikika hadi mbele: “Numbi, umwambie dereva: anatembea muzuri.”

Kalala naye akaniambia mimi: “Umwambie Mama, njia iko mubaya, atusamehe.”

Nimeandika haya yote, na bado sijui nihitimishe nini. Nilidhani nachagua kati ya hoteli na nyumba, kumbe nilikuwa nachagua bila kujua ni nani atakayeitwa mwenye kitanda. Huenda desturi ilituokoa. Huenda ndiyo iliyokaribia kulipoteza jicho, na samaki wakaifichia kosa. Wewe umeishi nayo muda mrefu kuliko mimi. Ninaloomba ni hili: jamaa wakikuuliza Mama alilala kwa nani Lusaka, ujibu kwamba alilala kwake. Ni kweli, nasi tumeigharimia. Na Kalala akikupigia, mwite mwanangu, hata ua ukiwa unasikiliza.

Mama ameketi karibu nami na anasikia kalamu. Anaagiza salamu kwa shangazi, na kwamba samaki wake wamefanya kazi kubwa kuliko kuliwa. Kwa mama mdogo wa sokoni, amwekee mihogo. Kwa mchungaji, kwa maombi yake. Na kwa Kabange, aongeze mawese. Kwako hakuagiza salamu. Amesema wewe unajua.

Sasa hivi nimemwuliza kama kesho, bandeji ikifunguliwa, Kalala angoje nje ya chumba cha daktari. Mama anaogopa, Baba, naona namna anavyozungusha pete yake kidoleni. Amenijibu:

“Asiende mbali. Kama minaona, nitafunika uso minyi mwenyewe. Na kile kitenge ukilete.”

Kitenge nimekifua, nimekianika dirishani.

Mimi binti yako katika nyumba ya Mama,
Numbi