Cherehani Ililia Msibani

Baba,

Shikamoo. Usihangaike kuitikia, najua ulipo. Nakuamkia kwa sababu ulinifundisha kwamba mtu haanzi maneno na mkubwa wake kabla ya kumwamkia, hata kama maneno yenyewe ni ya ugomvi. Na ya leo ni ya ugomvi, baba. Si na wewe. Ni na ndugu zako.

Jumamosi hii tunasimika msalaba wako kule kijijini Mlali. Baba mdogo alinipigia simu jana, hakuuliza hata nimeamkaje. Alisema wazee wa ukoo wamekaa na wameamua: kabla msalaba haujasimama, nipige magoti mbele ya watu, niombe radhi kwa kuutukana msiba wako. Nisipoomba, nisiuguse msalaba, nikakae nyuma na majirani. Mimi, Yudith, mtoto wako wa pekee! Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Ngoja nikusimulie, maana mambo yenyewe yalitokea wewe ukiwa umeshalala.

Uliondoka ile Jumatano asubuhi, umekaa kwenye kiti chako barazani Majengo mjini, futi ya kupimia shingoni. Mezani uliacha magauni meupe kumi na moja ya mabinti wa kipaimara. Matano yalikuwa tayari, umeyakunja. Sita yalikuwa yamekatwa tu, mikono huku, viwiliwili kule. Askofu alikuwa anakuja Jumapili, na mama zao ulishawaambia, "Jumamosi jioni mje mchukue."

Mafundi wa mji huu wote, ukiwapa nguo, jibu lao ni moja: njoo kesho. Ukija kesho, njoo kesho. Wewe neno hilo lilikuwa halipiti mdomoni. Ukiweza, ulitaja siku. Ukishindwa, ulisema, "Siwezi, mpelekee Idi." Na Mzee Idi wa Kondoa, aliyeshona nawe baraza moja miaka yote hiyo, alikuwa anacheka mpaka kofia inamdondoka. "Yohana, wewe utakufa maskini!" Ukamjibu, "Nitakufa, lakini hakuna atakayekuja kaburini kuulizia suruali yake."

Ulikuwa mkaidi, tuseme ukweli. Kabla ya kuanza kazi uliweka kiganja juu ya cherehani ukaomba, na uliomba mpaka mteja akakohoa. Jumapili hukugusa sindano. Kifungo changu kilikatika mlangoni mwa kanisa, ukanipa pini na kuniambia nisimame wima. Wanafunzi wa chuo cha Chimwaga walikuletea suruali uzibane, ukawauliza, "Mwanangu, hii unaivaa au inakuvaa?" Kisha ukazibana vilevile walivyotaka, ukawapa na mstari wa Biblia juu yake. Bado wapo wanaopita kuulizia yule mzee wa mistari.

Mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, hawa hawa ndugu zako walitaka kunigawa, niende kwa shangazi. Ukakataa. Ulisema mtoto ana baba na baba ana mikono. Ukajifunza kusuka nywele, vibaya. Ukajifunza kupika mlenda, na mlenda wako ulikuwa na mchanga, baba, sikuwahi kukuambia. Nilikula wote. Jioni nilikaa miguuni pako nikiokota pini na kukusikiliza ukiimba, sauti haipandi wala haishuki, na nilikuwa na furaha.

Basi siku ya kukusafirisha kwenda Mlali nilipakia cherehani kwenye gari, na mfuko wa yale magauni sita yaliyokatwa. Watu wakadhani ni uchungu, wakaniacha. Tukakuzika Ijumaa. Jumamosi asubuhi, baada ya uji, wanawake wameketi kwenye mikeka, nikaitoa cherehani uani, mahali penye mwanga, nikatia uzi.

Nilipokanyaga mara ya kwanza, uwanja mzima ukanigeukia. Hata walioshika karata.

Shangazi Loyce alinijia mbio, kanga inaburuta chini. "Wewe mtoto una akili? Baba yako hajamaliza hata siku udongoni, unapiga cherehani kama uko sokoni! Matanga hayajaanuliwa!" Nikamwambia mabinti wanasubiri. Akasema wakanunue dukani. Nikamwambia baba aliahidi. Akasema aliyeahidi amekufa. Kisha akainama, akaninong'oneza kwa huruma kabisa, na hapo ndipo aliponikosea: "Kama ni lazima, subiri giza liingie, ushonee chumbani. Watu wasione."

Nilipandisha sauti, sikatai. Nilisema, "Shangazi, baba hakuwahi kushona kwa kujificha!" Nikaendelea kukanyaga.

Wakati watu wanaguna, Mzee Idi akainuka kwenye mkeka wa wanaume. Alikuja kukuzika na hakutaka kurudi mapema. Akavuta kigoda, akavaa miwani, akasema bismillahi, akachukua gauni la kwanza na sindano ya mkono. Akaanza kupinda. Uliacha pindo la vidole vinne, kama kawaida yako, ili gauni literemshwe mtoto akirefuka, naye akakuheshimu, hakupunguza hata kidole. Mgeni mwenye mvi, Mwislamu, anapinda magauni ya kipaimara kwenye msiba wa Mkristo. Nani wa kumkaripia? Wazee wakaangalia chini.

Saa tisa tulikuwa tumemaliza. Nikapanda gari la kurudi mjini bila kungoja matanga yaanuliwe, na hilo ni kosa la pili kwenye orodha yao. Jioni mama za mabinti walikuta magauni yote yamening'inia barazani. Mmoja alishika mdomo akalia. Alikuwa amekuja kunipa pole tu, hakutegemea nguo.

Jumapili nilisimama nyuma kanisani na kanga yangu ya msiba. Niliwahesabu mabinti wakipanda mbele. Kumi na mmoja. Askofu akawawekea mikono mmoja mmoja, na hakuna aliyebaki kwenye benchi.

Sasa naambiwa niliutukana msiba. Msiba ni nini, baba? Kuketi na kusubiri ubwabwa? Walikuwepo waliokaa siku tatu wakichezea simu, hao hawaombi radhi. Shangazi anatangaza huko kwamba mimi sikulia. Cherehani ililia mchana kutwa, wote waliisikia. Mimi nilikuwa nakanyaga.

Jumamosi nitakwenda. Nitavaa vizuri. Nitawaamkia wote, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, na Shangazi nitamwamkia mara mbili kwa sababu nampenda na ananiudhi. Kisha nitaushika msalaba wako, na anayetaka kunitoa aje anitoe. Kupiga magoti sitapiga. Ulinifundisha mwenyewe kwamba magoti yana mahali pake, na si uani kwa baba mdogo.

Radhi ninayo moja tu, na hiyo ni yako.

Gauni la mwisho, la yule binti mwembamba wa mama muuza zabibu, mkono wa kushoto niliushona nyuma mbele. Chaki yako ilikuwa haijafutika. Uliandika "kushoto" kwa ule mwandiko wako wa kulala, nikausoma, na macho yakajaa maji, nikakanyaga bila kuona. Mzee Idi aliona. Akanitazama, akaendelea kupinda. Mtoto wa watu alisimama mbele ya askofu bega limevutwa, na kanisa zima halikujua. Wewe ungejua kutokea mlangoni, ungelifumua pale pale.

Nimeshamwambia mama yake alilete Jumatatu asubuhi. Nitaufumua na kuushona upya nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, na nakuahidi hakuna nguo itakayotoka barazani pale imepinda tena, iwe ya mzima au ya msiba.

Kwa heri, baba yangu. Pumzika, kazi imepokelewa. Na unisamehe. Neno hilo nimekuandikia wewe peke yako, Jumamosi hawatalisikia.

Mwanao,
Yudith, fundi