Lori la Mama Yako Halijafa, Limeng'oka Jino

Mwanangu Kabula,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba plagi ya injini isiyokaza inataka kukazwa zaidi. Wakiona inacheza, wanaongeza nguvu kwenye spana. Nguvu ikishindwa, wanachomoa uzi kwenye kiroba cha mawe, wanauzungushia kwenye plagi, wanairudisha na kuondoka. Nasikia huko Runzewe mnauita uzi huo "dawa". Dawa hiyo ndiyo iliyokuletea ugonjwa, na barua hii naiacha wazi ili wenzako unaobeba nao mawe ya dhahabu kwenda kwenye makarasha, zile mashine za kuyasaga, waisome pia.

Jana uliponipigia simu, shikamoo yako ilikuwa na sauti ya msibani. "Baba, plagi imefyatuka, imegonga bati la chini ya kiti nilichokalia. Injini imekufa. Jumamosi anakuja mtu kulichukua lori kama chuma chakavu." Nyuma yako nikamsikia mwanamume akicheka: "Mwambie mzee alete mchumba, plagi za nini!" Nawe ukamrudishia hapo hapo: "Mchumba gani atabeba viroba vyote hivi mgongoni?" Nikatabasamu peke yangu. Nilijua kwamba wewe huna tatizo lolote, mwenye tatizo ni tundu moja tu.

Unaikumbuka safari ile ya kutoka Didia, ulipokuwa umemaliza kidato cha nne? Tulikuwa na mpunga nyuma, mama yako kakaa katikati yetu, na injini chini yake. Plagi iliporuka, alishika paa la gari kwa mikono miwili. "Baba Kabula, lori langu mwenyewe linanifukuza kwenye kiti changu!" Tulicheka hadi ukasahau kuogopa. Tuliponyanyua kiti ukachungulia lile tundu na kuniuliza kama injini imekufa. Nikakujibu kwamba imeng'oka jino, na kwamba sijawahi kwenda kwenye mazishi ya mtu aliyeng'oka jino.

Tulivutwa na trekta hadi nyumbani Kambarage, nami nikakufundisha kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa ufundi. Niruhusu nirudie, maana mwalimu hastaafu mdomo. Plagi ni ya chuma kigumu, lakini hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini inamoingia plagi, ni ya aluminiamu, nayo ni laini. Ndani ya tundu kuna nyuzi, zile ngazi nyembamba zinazozunguka. Vikigombana, chuma kigumu hakiumii. Kinacholiwa ni nyuzi za tundu. Na ninyi huko mna adui wa ziada, vumbi la mawe. Mkifungua plagi bila kwanza kupuliza vumbi pembeni yake, chembe zinaingia kwenye nyuzi na kuzisaga kama msasa, kila mnapofungua na kila mnapofunga. Uzi wa kiroba nao unaficha tu ulegevu mpaka siku ya kufyatuka.

Sasa tiba. Kama nyuzi zingekuwa zimejeruhiwa mdomoni tu, ungezisafisha kwa tepu, kile chuma cha kukatia nyuzi, ukiwa umekipaka grisi ili vipande vinate badala ya kudondokea kwenye pistoni. Lakini kwako plagi imetoka na nyuzi zote, kwa hiyo usimruhusu mtu atoboe chochote hedi ikiwa juu ya injini. Ifungue, ipeleke kwa fundi wa lezi, ile mashine ya kuchongea vyuma. Atalipanua tundu, atakata nyuzi mpya kubwa zaidi, kisha atafunga bushi, yaani pete ya chuma yenye nyuzi nje na ndani. Plagi yako ya kawaida itakaa ndani ya bushi. Muulize maswali mawili bila aibu: bushi imefungwa isiweze kutoka pamoja na plagi? Na upande wa chini haijachomoza kwenye chumba cha moto? Akikujibu kwa kukuonyesha, mwamini. Akikujibu kwa kukuita dada tu, hamia kwa mwingine. Na hedi ikirudi, irudi na gasketi mpya ya kuziba inapokutana na injini.

Tulipofunga plagi siku ile, fundi akiwa ameshatuwekea bushi kama hiyo, mimi nilinyoosha mkono kuomba spana. Mama yako akanipa kipande cha mpira wa kupitishia petroli alichokuwa amekikata mwenyewe. Alikupachikia plagi kwenye ncha ya mpira, akakuambia, "Mayu, mama yangu, zungusha polepole. Ikiingia upande, mpira utateleza wenyewe. Spana haiwezi kukuambia hivyo." Ukazungusha hadi plagi ikakaa, injini ikiwa imepoa kabisa, ndipo ukapewa spana kwa mkazo mdogo wa mwisho. Lori likawaka. Mama yako alikupigia vigelegele kama bi harusi, na majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Bushi ile haijawahi kutikisika. Ipo mpaka leo. Tundu lililokuangusha, kama ulivyonieleza, ni la jirani yake, ndiyo maana nakuandikia nikiwa na hakika.

Kabula, mashamba ya Didia yalikwenda kwa kaka zako, kama desturi yetu ilivyo, wala sitaki kulibishia hilo hapa. Lakini mama yako aliliona mapema. Alipokuwa bado na nguvu zake, aliwaita wajomba zako, akakuwekea ufunguo mkononi mbele yao, akasema, "Hili ni la Kabula, asije mtu akaniuliza nikiwa kaburini." Wajomba wakaitikia. Ndicho kitu pekee cha familia hii chenye jina lako. Ukiliuza kwa sababu ya tundu la upana wa kidole, kesho utabeba mawe kwenye lori la mtu mwingine, kwa ratiba ya mtu mwingine, na yule aliyecheka ataendelea kucheka.

Siku hizi nikisikia injini ndogo ya petroli ikipita hapa mtaani, bado nageuza shingo nikidhani ni mama yako anarudi kutoka sokoni. Kisha nakumbuka kwamba anayeshika usukani sasa ni wewe, nami napumua vizuri. Kipande chake cha mpira bado kiko chini ya kiti chako, upande wa kushoto. Hukuwahi kukitoa, nawe unajua kwa nini.

Wabeja, asante, kwa kunipigia simu kabla ya Jumamosi. Leo, kabla hujagusa spana yoyote, mpigie yule mnunuzi umwambie lori haliuzwi.

Baba yako,
Kambarage