Ushahidi Kutoka Ng'ambo

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumatano, tarehe 11

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Shemeji na watoto wazima? Mama anaendelea na dawa za presha, na goti limepungua uvimbe. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nimekukasirikia na sitaki kukuficha.

Ni ile video uliyotuma wiki iliyopita kwenye kundi la familia, watu wakimwaga mikate barabarani, na maneno yako chini: wageni wanatia dawa ya kuzuia uzazi kwenye unga, hata kwetu wamo. Unamjua mama. Chochote kinachotoka kwako anakifungulia spika uani, majirani waje wasikie habari za mwanawe. Alipowaambia umeyaona kwa macho yako, nani angebisha?

Jumatatu habari ilikuwa imemfikia Bwana Fagio, mgombea anayezunguka na fagio mkononi akiahidi kuwafagia wageni wote. Alisimama juu ya gari mbele ya duka la mwoka mikate, yule jirani yetu mgeni, akatangaza kwamba ana ushahidi kutoka ng'ambo. Ushahidi wenyewe ni wewe. Vijana wake wakaingia na nyundo, wakabomoa tanuri likiwa na moto. Jirani aliungua mikono yote miwili akimtoa mkewe.

Huyo mtu ana miaka kumi na minne hapa mtaani. Mama alipoanguka bafuni, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, wewe ukiwa huko unatutumia picha za theluji. Sasa amelala kwenye kitanda chako, mkewe anamlisha kwa kijiko. Nikishona hasira zinanipanda, sindano mbili nimeshavunja.

Nilipokupigia ukasema wewe ulisambaza tu. Akili zako ziko wapi? Eti hata hukuifungua, ulisoma maelezo ya juu ukaipeleka mbele.

Jumamosi wakazi wanakutana kuamua kama jirani afukuzwe. Mimi nimesema mpaka koo limekauka, wananiona nimehongwa mikate. Wewe watakusikia. Rekodi sauti yako, useme hukuona chochote na umetudanganya. Usiniambie utaaibika. Aibika.

Tena kuna jambo hulijui. Jirani aliwahi kuishi huko uliko, lugha ya huko anaielewa. Jana aliniomba nimshikie simu, akaisikiliza video hadi mwisho, akageukia ukutani. Nikambana.

"Dada," akasema, "hawa wanaotukanwa humu si watu wa kwetu. Ni watu wa kwenu, mliohamia huko ng'ambo."

Ndugu yangu, mikate iliyomwagwa ni ya wenzako. Ulichomtumia mama ni wewe mwenyewe unavyofukuzwa huko, naye akawafungulia majirani kwa furaha. Sijapata mdomo wa kumwambia.

Nisalimie shemeji na wale mapacha. Shangazi anakusalimu, binamu yako fundi bomba pia. Na jirani anakusalimu. Ameniomba nikuandikie, kwa kuwa mwenyewe hawezi kushika kalamu, kwamba watoto wasitembee peke yao siku hizi, na mlango mfunge mapema.

Mungu akulinde huko, na akupe ujasiri kabla ya Jumamosi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye nikiwa nimenuna.