Kigari Kinavyokula Mafuta Mlimani

Lulindi, Jumapili

Mdogo wangu Alfredi,

Marahaba. Umeuliza tena kigari ulichotuletea kinakulaje mafuta. Muuzaji wako huko Dar alikudanganya. Hizo kilomita ishirini kwa lita labda ni za barabara tambarare. Kumpandisha Mama hospitali Newala kinakwenda tisa tu, gia ya kwanza na ya pili, naye amelala nyuma akiniomba radhi kwa uzito wake. Uzito gani, Alfredi? Nusu gunia la korosho linamzidi.

Jana kushuka hakikula kitu. Mikorosho imeanza kutoa maua, akataka tusimame aitazame.

Mafuta yaliyobaki yanatosha. Daktari amesema nikae naye nyumbani, nisimpandishe tena. Ukimaliza kusoma hii, panda basi.

Dada yako,
Oliva