Picha za Claudine na Udongo wa Mabamba

Zuhra, nimefanya ujinga, sijui nitajitoaje.

Si unamkumbuka Claudine, tuliyesoma naye hapa Kibondo, akaolewa Marekani? Sasa anatembea Hawaii, kisiwa kinaitwa Kauai. Jumapili baada ya ibada mama yake kanipa simu niwaonyeshe wamama picha. Korongo jekundu halina mwisho, maporomoko ya maji, hekalu la mawe la watu wa zamani. Na yeye katikati na kofia yake, anacheka.

Mimi tangu nizaliwe sijafika hata Kigoma mjini.

Nikasema, "Hawaii gani? Huu udongo ni wa Mabamba, hapa hapa Kibondo."

Wa Mabamba, Zuhra. Mbele ya watu.

Nikajua mama yake atanifokea. Akaninong'oneza, "Kumbe amerudi. Anataka kunishtukiza. Tunyamaze."

Sasa hivi katoka hapa kwangu. Siku ile ile alifukia ndizi za pombe ya kumpokea, na zimeiva. Kesho nikamsaidie kukamua.

Anasema kati ya marafiki wote wa Claudine, anayempenda kweli ni mimi.